Barua ya Kufunga Muhula: Msichana Aliyeingia Nchi ya Vichimbakazi

Ndugu Wazazi na Walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA IGIZO LA DARASA LA TANO

Salamu. Muhula umekwisha salama. Ripoti za watoto mtazipata kwa walimu wa madarasa, na tarehe ya kufungua imeandikwa humo, kwa hiyo sitairudia. Nataka nizungumzie igizo, maana simu nilizopigiwa wiki hii karibu zote zilihusu hilo.

Kwa ambao hamkuweza kufika: watoto walitunga kisa cha msichana ambaye dada yake mkubwa amechukuliwa na Malkia wa vichimbakazi, viumbe wa ajabu wa hadithini. Anamfuata hadi chini ya kilima, akisindikizwa na vijitu vyenye kimo cha kidole gumba. Hawakuyabuni yote. Mwalimu wao aliwasimulia kwanza hadithi za kale za Uskoti na Ireland, ambako vichimbakazi si wale wa mabawa na fimbo yenye nyota. Ni wenye nchi ya chini ya vilima, wazuri wa sura, wagumu wa masharti. Ukila chakula chao, hutarudi kwenu. Usiku mmoja wa ngoma kule waweza kuwa miaka huku. Wanachoogopa ni chuma. Katika karne ya 17, Robert Kirk, mchungaji wa Aberfoyle huko Uskoti, aliandika habari zao akiamini kabisa kwamba wapo. Alipofariki mwaka 1692, watu wakasema hakufa, amechukuliwa. Hapo ndipo darasa zima lilipotega masikio, kama mnavyowajua.

Baadhi yenu mmeniuliza kama huu si ushirikina. Katika igizo lile hakuna anayeabudu wala kuita chochote. Kuna msichana aliyeketi mezani pa Malkia, njaa inamuuma, sahani ya matunda iko mbele yake, naye anakataa. Siku ya mazoezi, mtoto wa Darasa la Kwanza aliyekuwa ameketi sakafuni alipiga kelele, “Usile! Ficha mkono!” Mtoto wa umri huo akishajua kwamba kitamu anachopewa na asiyemjua chaweza kuwa mtego, sioni tumempotosha wapi.

Mimi nilivipenda zaidi vile vijitu. Awali vilikuwa vya kuchekesha tu, mpaka mtoto mmoja akauliza: vidogo hivyo vitamsaidia nini? Wakajijibu wenyewe. Vinapenya tundu la ufunguo, vinasikia Malkia anachonong'ona, na vikishikana vyote vinaweza kubeba msumari wa chuma ambao walinzi wangemnyang'anya msichana mlangoni. Sehemu hizo walipewa wasiozoea jukwaa. Aliyetoa amri ya “Inua!” ni mtoto ambaye darasani sauti yake haifiki hata dawati la mbele.

Kuhusu hofu, mzazi ambaye mwanawe hakulala nimemsikia. Wimbo mmoja wa kale wa Uskoti unasema vichimbakazi hulipa zaka kuzimu kila baada ya miaka 7; hilo tuliliacha nje tangu mwanzo. Igizo likirudiwa muhula ujao, madarasa ya chini watalitazama mchana, taa zikiwaka. Igizo lenyewe halifutwi.

Likizo hii waombeni watoto wawasimulie. Wakifika kwa Malkia msiwakatize; wakisita, waulizeni msichana alifanya nini baada ya hapo. Wanajua.

Vitabu vya maktaba na mavazi ya igizo virudishwe siku ya kufungua, mavazi yakiwa yamefuliwa.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu