Bodi ya reli nayo iwe na rejista

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme machache kuhusu uongozi wa juu wa Shirika letu la Reli, TRC. Niliwahi kuwa stesheni masta kwenye reli ya kati, sasa nimestaafu. Sina kesi na mtu na wala sitafuti cheo.

Treni ya umeme imetupa heshima, hilo tulimalize mapema. Juni 14, 2024 ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, Julai 25 ikafika Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Mtu anakunywa chai Dar, mchana anakula Dodoma. Sisi tuliozoea kulala njiani tunajua hiyo ni tofauti ya namna gani. Masanja Kadogosa, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wakati reli hiyo ikijengwa, ana haki ya kutajwa kwa kazi hiyo.

Ila shirika lililojenga kwa miaka saba sasa linaendesha, na sioni kwamba meza ya juu imebadilishiwa kipimo. Wakati wa ujenzi kipimo kilikuwa asilimia. Waziri alikuja na kofia ngumu, kamati ya Bunge ikaja na kofia ngumu, wakaambiwa kipande cha kwanza kimefika asilimia kadhaa na cha pili asilimia kadhaa, wakapiga picha wakaondoka. Kwa ujenzi inatosha. Lakini abiria aliyekata tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi hana haja na asilimia. Anataka kujua treni hiyo mwezi uliopita iliondoka saa kumi na mbili mara ngapi, na ilipochelewa, ilichelewa kwa nini. Swali hilo nani analijibu?

Zamani kule chini lilijibiwa kila siku. Kila stesheni ilikuwa na rejista, daftari pana lenye mistari, likikaa mezani karibu na simu ya kontrola. Treni ikiingia unaandika dakika. Ikitoka unaandika dakika. Ikisimama kupisha nyingine unaandika imesubiri ipi na kwa muda gani. Ikichelewa, kuna safu ya sababu, na hapo huandiki "sababu zisizozuilika": unaandika kichwa kimeishiwa nguvu mlimani, au behewa fulani limeshika moto ekseli, kisha unasaini jina lako. Ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaandika juu yake. Mkaguzi akija bila taarifa anaanzia hapo kabla hata ya kusalimia vizuri. Nimeona vijana wakikatwa mshahara kwa dakika ambazo hazikuelezwa.

Basi kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwamba bodi nayo ina rejista yake.

Tazama tulikotoka. Mwaka 2007 Serikali iliikabidhi TRL, kampuni ya kuendesha treni, kwa kampuni ya RITES ya India, hisa asilimia 51 kwao na 49 kwetu, mkataba wa miaka 25. Njia ya reli yenyewe ikabaki kwa RAHCO, kampuni nyingine ya Serikali. Kwa hiyo reli ilikuwa na mwenyewe na treni ilikuwa na mwenyewe. Wafanyakazi wakagoma kwa sababu ya mishahara. Halafu mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 yakaja mafuriko ya Kilosa, tuta likaondoka, mataruma yakabaki yananing'inia kama ngazi ya kamba. Mwenye treni akasema njia si yake. Mwenye njia akasema hana fedha. Abiria wa Tabora na Kigoma hawakuwa wa yeyote. Mwaka 2011 hisa zikarudi serikalini, mkataba wa miaka 25 ukiwa haujafikisha hata mitano. Ilibidi tungoje Sheria ya Reli Namba 10 ya mwaka 2017 ndipo RAHCO na TRL zikaunganishwa kuwa TRC ya leo.

Katikati ya vurugu hiyo, Oktoba 2012, ilianza treni ya abiria ya jijini kati ya Stesheni na Ubungo. Dar nzima inaijua kwa jina gani? Treni ya Mwakyembe, kwa sababu Dk. Harrison Mwakyembe ndiye alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Simlaumu, alisukuma jambo likatokea. Lakini huduma ya shirika la umma ikibeba jina la waziri, ujue wananchi wameshaelewa uamuzi unatoka wapi. Mkurugenzi wa shirika hakutajwa. Mwenyekiti wa bodi ndiyo kabisa, sidhani kama kulikuwa na abiria mmoja kwenye lile behewa aliyemjua.

Kisheria mambo yako hivi: mwenyekiti wa bodi anateuliwa na Rais, wajumbe wanateuliwa na waziri, na mkurugenzi mkuu naye anateuliwa na Rais. Sasa mwenyekiti anaingia kikaoni kumsimamia mtendaji ambaye hakumwajiri na hawezi kumfukuza, na wote wawili wana mteuzi mmoja. Atamkemea kwa nguvu gani? Akimbana sana, mtendaji anajua mlango wa kupitia. Bodi inabaki kupitisha makabrasha na kusaini posho. Wenzetu Kenya tangu 2015 wana waraka wa utawala wa mashirika ya umma unaoipa bodi kazi ya kumtafuta mtendaji mkuu kwa ushindani. Sisemi Kenya wamepona, nao reli yao ya kisasa imewapeleka mahakamani mpaka ya juu kabisa. Ila angalau swali la nani anamwajiri nani wameliweka mezani.

Mfano mdogo wa karibu. Mwishoni mwa Julai 2024, treni ya umeme ikiwa bado changa, ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme. Shirika likatoa taarifa kwamba wanyama, yaani ngedere na bundi, walihusika. Nchi ilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, kwa kuwa ngedere kwenye nyaya ni jambo linalowezekana kabisa, na pori la Kilosa nalijua. Nilichosubiri ni sentensi ya pili: kinga gani inawekwa, kipande gani, ikamilike lini, na nani kwenye menejimenti anaibeba hiyo kazi. Taarifa ilisainiwa na kitengo cha mawasiliano, na kitengo cha mawasiliano hakina bajeti ya kukinga nyaya. Bodi ilikuwa wapi? Haikusikika. Tukabaki na bundi.

Watu wanaweza kusema CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yupo. Yupo, na namheshimu. Lakini ripoti yake inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, ikizungumzia mwaka wa fedha uliofungwa Juni iliyotangulia. Ni miezi tisa. Ripoti ya mwaka 2023/24 iliitaja TRC kati ya mashirika yenye hasara, mitandao ikalipuka kwamba treni ya umeme inakula fedha zetu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka huo ulifungwa Juni 30, 2024, na treni ilianza Juni 14. Ilikuwa imekimbia wiki mbili tu! Bodi yenye takwimu zake za kila mwezi ingeweza kusimama asubuhi ileile na kueleza hasara hiyo ni ya reli ya zamani kiasi gani, ni ya maandalizi kiasi gani. Ilikaa kimya, wananchi wakajijibu wenyewe.

Na kubadilisha watu peke yake hakusaidii. Mwendokasi, usafiri wa mabasi ya haraka ya Dar, ulianza Mei 2016 na mabasi 140, mengine 70 yakaja kukwama bandarini kwa mgogoro wa kodi, foleni ya Kimara ikazidi kurefuka mwaka hadi mwaka. Oktoba 2025 abiria walipochoka wakaanza kurusha mawe vituoni, watendaji wakuu wa DART, wakala unaosimamia usafiri huo, na UDART, kampuni inayoendesha mabasi, walibadilishwa ndani ya siku chache. Sawa. Lakini wale walioondoka walikuwa wameagizwa kufikisha nini, kwa tarehe gani? Na walioingia je? Ofisi ya Msajili wa Hazina, inayosimamia mali za Serikali kwenye mashirika, husaini mikataba ya utendaji na bodi za mashirika ya umma. Mkataba wa bodi ya TRC sijawahi kuuona umebandikwa popote ambapo abiria angeusoma.

Ombi langu kwa Msajili wa Hazina, Nehemiah Mchechu, ambaye tangu 2023 amekuwa mstari wa mbele kwenye mageuzi ya mashirika haya, ni kwamba mkataba huo uwekwe hadharani. Kwa bodi ya TRC naomba karatasi moja kila mwezi: treni zilizopangwa, zilizoondoka kwa wakati, zilizofika kwa wakati, zilizofutwa, na sababu, treni kwa treni, reli ya zamani ikiwemo. Isainiwe na mwenyekiti kwa jina lake. Reli ya zamani naisisitiza kwa sababu abiria wa Mpanda na Kigoma bado wanaitegemea, na tangu umeme uje hawatajwi hotubani.

Tena mmoja wa wajumbe wa bodi atoke kwa abiria. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, tayari ina baraza la watumiaji wa usafiri huo, ambalo husikika nauli zinapojadiliwa. Walete jina, waziri ateue. Haihitaji kusubiri sheria mpya wala ziara ya kujifunza Ulaya.

Kipande cha Makutupora hadi Tabora nacho kinakuja, halafu Isaka, halafu Mwanza. Karatasi hiyo ianze sasa, wakati treni bado zinahesabika na kila aliyekuwa zamu anajulikana.

Wako,
Stesheni masta mstaafu,
Kihonda, Morogoro.