Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunakushukuru kwa kufika licha ya ratiba yako kubana. Klabu yetu ilianza na wanachama wachache, na leo ina maonyesho ambayo tunathubutu kusema hayana mfano wilayani: mabango matatu ya karatasi za manila.

Bango la katikati ni kesi ya Wi Parata dhidi ya Askofu wa Wellington, New Zealand, 1877. Mwaka 1848 Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa kabila la Ngāti Toa walitoa takriban ekari 500 huko Whitireia ili Kanisa la Anglikana liwajengee watoto wao shule. Mwaka 1850 askofu akapewa hati ya ardhi hiyo na Malkia wa Uingereza, wenyewe hawakuulizwa. Shule haikujengwa. Wi Parata, aliyekuwa mbunge, alipoidai ardhi irudi, Jaji Mkuu Prendergast alisema hati ya Malkia haihojiwi mahakamani. Msimamo huo ulikuja kupingwa na mahakama ya rufaa ya London mwaka 1901, katika shauri la mtu mwingine.

Mheshimiwa, kesi hii tumeichagua makusudi. Eneo letu nalo wazee walilitoa kwa mdomo. Shule ipo, hati hakuna. Mpaka ni minyaa, na kila masika minyaa inapandwa upya, hatua moja ndani ya uwanja. Anayepiga kona upande wa kusini sasa anasimama kwenye mahindi ya watu.

Tunaomba mpima. Muhtasari wa mkutano wa mtaa upo na muhuri wake. Mchoro wa mipango miji umeidhinishwa. Majirani wote wamekubali kusimama mpakani siku ya kupima na kusaini, maana wasipokuwepo pingamizi huzuka ramani ikishachorwa na kazi ikaanza upya. Yamebaki mawe ya mipaka kwenye pembe, ramani iidhinishwe na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ndipo hati iandaliwe.

Nondo na saruji za mawe hayo wazazi walinunua kwa kuamini ahadi ya mgeni rasmi wa mwaka juzi. Saruji imegandia stoo. Mgeni rasmi wa mwaka jana alituambia suala linafanyiwa kazi, nasi hatuna shaka bado linafanyiwa.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, ahadi tunazo za kutosha. Tunaomba tarehe, tena kabla ya masika. Kwenye daftari la wageni lililo mbele yako, chini ya nafasi ya sahihi, tumeiachia tarehe hiyo mstari.

Naomba kuwasilisha.