Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula na Uchaguzi wa Masomo ya Kidato cha Tatu

Desemba 2025

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tunafunga muhula leo. Wanafunzi wako salama na ripoti zao zimo ndani ya bahasha hii.

Kwanza pokeeni hongera. Katika mtihani wa utamilifu (mock) wa mkoa, Kidato cha Nne hawakupata F hata moja ya Kemia. Narudia: hata moja. Hawa ndio walioingia Kidato cha Tatu wakishika bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia kimiminika, kama wameshika nyoka. Mwalimu wao aliwafungulia maabara kila Jumamosi, wakapima asidi na besi mpaka kila mmoja akajua kufunga koki kwenye tone lile lile linalogeuza rangi, kusoma bureti kwa desimali mbili, na kujaza jedwali kabla ya kuosha vyombo. Alama za karatasi ya vitendo hupotea hapo: mtoto kapima sawasawa, kisha kaandika 24 badala ya 24.00, au kasahau kizio. Mwalimu huyo mkikutana naye sokoni, mshukuruni.

Nayataja haya kwa sababu wanaopanda Kidato cha Tatu wanachagua masomo sasa, na wengi wanaikimbia maabara. Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia ni ya lazima, hayana mjadala. Kinachochaguliwa hapa kwetu ni Fizikia na Kemia, au Biashara na Utunzaji wa Hesabu.

Nasikia sana "atoe Fizikia isimshushe." Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Baraza la Mitihani hupanga daraja kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Mwenye masomo tisa akipata D ya Fizikia, na saba nyingine zikawa nzuri kuliko hiyo, D hiyo haiguswi kabisa.

Isitoshe, daraja peke yake halimfikishi mtu mbali. Kidato cha Tano kinataka angalau C tatu bila kuhesabu somo la dini, na awe amefaulu masomo ya tahasusi anayoiomba, yaani mchanganyiko wa masomo matatu. Mwenye daraja la pili na F ya Hisabati haendi PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wala EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati). Na asiyefika Kidato cha Tano je? Stashahada ya uuguzi au ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. D inatosha kuomba. Binti anayeacha Fizikia leo ameuacha uuguzi leo hii hii, hata akija kupata A ya Biolojia.

Lakini pia msimlazimishe mtoto kwa sababu jirani ana daktari. Chukueni ripoti zote mbili za mwaka huu, achaneni na nafasi ya darasani, tazameni Hisabati kwanza. Fizikia ya Kidato cha Tatu ni kuhamisha herufi kwenye fomula. Asiyeweza hilo ataumia. Mwenye 45 za Hisabati na 32 za Fizikia abaki na Fizikia, atapanda. Mwenye chini ya 20 kwa yote mawili, mihula yote miwili, aende Biashara bila aibu. ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu) nayo ina vyuo vyake. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili yakitoka tutayalinganisha na ripoti. Baada ya Januari hakuna kubadilisha, maana aliyekosa mada za mwanzo za Kemia, hasa dhana ya moli (kizio cha kuhesabia chembe za kemikali), hushindwa kila hesabu inayofuata.

Sasa la aibu. Kati ya fomu za uchaguzi zilizorudi, sita zina saini za "wazazi" zilizotoka mkono mmoja: kalamu ya kijani, herufi M yenye mkia ule ule. Zote sita zimekata Fizikia na Kemia. Wenye fomu hizo ndio wanaokosekana maabara Jumatano mchana na kuonekana kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti. Kilichoniudhi zaidi si watoto. Tulipopiga simu, wazazi wawili walijibu, "Mwalimu, mwache, kashaamua." Mtoto wa miaka kumi na tano kaghushi saini yako, nawe unaita huo uamuzi! Fomu hizo zimefutwa. Kila mmoja wa sita hao atapokewa Januari akiwa na mzazi au mlezi aliyesajiliwa, si kaka, si dereva wa bodaboda aliyekodiwa getini. Na kuanzia muhula ujao, atakayekosa vipindi vitatu vya vitendo bila cheti cha hospitali, mzazi wake ataitwa kabla hajaingia darasani.

Ada ya awamu ya nne wengi hamjamaliza, na baadhi mna deni la awamu ya tatu. Kemikali hazinunuliwi kwa ahadi. Lipeni benki, leteni stakabadhi kwa mhasibu. Aliyetuma pesa kwenye simu ya mwalimu hajalipa. Mwenye deni asiye na mpango wa maandishi aje ofisini kabla ya kufungua, maana siku ya kufungua sitasikiliza maelezo getini.

Sare ni zile zile. Wa bweni waje na chandarua.

Fomu mpya ya masomo imo kwenye bahasha. Jazeni wenyewe, kwa wino wa bluu au mweusi, na namba ya simu inayopatikana.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule