Miezi 12 ya mkataba wa boda ni wiki 52, si 48

Tunatoa pikipiki za bodaboda kwa mkataba: dereva analeta hesabu, yaani malipo, kila wiki, na akimaliza anapewa kadi, pikipiki inakuwa yake. Jumatatu ya tarehe 8 Desemba 2025, kijana wetu mmoja aliingia ofisini na daftari lake la hesabu, akaomba kadi ya pikipiki. Alikuwa ameleta shilingi 65,000 kila Jumatatu bila kuruka hata moja, mara 48, na mkataba wake ni wa miezi 12. Kwake mwezi ni wiki nne, basi kamaliza. Tulipomwambia bado hesabu nne, akasema mbele ya wenzake kwamba tumemla 260,000.

Si wa kwanza kusema hivyo, na neno hilo linatuuma.

Nilishusha kalenda ukutani, nikampa kalamu azungushie Jumatatu mwenyewe. Mkataba ulianza tarehe 6 Januari, hesabu ya kwanza tarehe 13. Machi alikuta Jumatatu tano. Juni tano, Septemba tano, Desemba tano. Ndiyo zile nne anazodaiwa. Februari ya siku 28 ndiyo peke yake yenye wiki nne kamili. Miezi mingine ina siku mbili au tatu juu yake, na kwa mwaka zinafika siku 29.

Bei yetu ni 3,380,000, tangu siku ya kusaini. Humo mna pikipiki mpya, kadi, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) na helmeti mbili. Sevisi ya kwanza naifanya kwa mkono wangu: namwaga oili, nakaza mnyororo, naangalia breki. Hakuna wiki tuliyoichomeka.

Wengine wanaomba njia ya mkato: "Bosi, niandikie 260,000 kwa mwezi, nilete tarehe 30." Tuliwahi kumkubalia mmoja, tukaona ubaya wake. Kwanza, kwa mwezi ingekuwa kama 281,700, kwa hiyo mwisho wa mwaka anabaki na deni lile lile la 260,000, sasa kwa mkupuo. Pili, pesa ya boda haikai. Ndugu yetu huyo alipata msiba wiki ya tatu, akatumia alichoweka, tarehe 30 akakopa mtaani kwa riba ili pikipiki isirudi yadi. Ile riba aliilipa miezi mitatu. Tangu hapo hesabu ni ya wiki tu.

Na Jumatatu yetu inaishia saa 12 jioni. Ujumbe wa muamala ukisoma 18:40, hiyo ni saa 12 na dakika 40, umechelewa. Tafadhali msibishane na dada wa mapokezi.

Mikataba ya mwaka huu haina tena neno "miezi". Ina tarehe ya Jumatatu ya kwanza, ya mwisho, na vyumba 52 vya kusaini. Kijana yule alileta hesabu ya 52 tarehe 5 Januari, akaondoka na kadi yake.