Swahiba, nani atakulipa?

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii inakukuta salama. Faili lako nililipata tangu wiki iliyopita. Nimelisoma mara mbili: mara ya kwanza haraka haraka, nikifurahia tu kwamba hatimaye umethubutu, na mara ya pili kalamu mkononi. Jukwaa lenyewe, la kuwakutanisha wanaotaka kujifunza lugha na walimu wa kuwafundisha kwa video, sina neno nalo. Nililo nalo ni juu ya ule ukurasa wa sita uliouita "Vyanzo vya mapato". Umeorodhesha saba: matangazo, ada ya mwezi, kamisheni, huduma za ziada, kuuza takwimu, michango, na cha saba ambacho sikukielewa hata kidogo.

Vyanzo saba, na mteja hata mmoja bado! Najua ulivyofika hapo, maana mtu asiyekiamini chanzo kimoja hujipa moyo kwa wingi. Nami nilifanya vivyo hivyo, na mwisho wangu unaujua.

Hujawahi kuniuliza habari kamili ya ile tovuti yangu ya nafasi za kazi, nadhani kwa kunistahi. Basi leo nakusimulia. Nilianza na matangazo kwa sababu ndiyo njia isiyokulazimu kumwomba mtu fedha ana kwa ana. Unabandika msimbo, unakwenda kulala. Wasomaji walikuja, tena wengi kuliko nilivyotarajia, ila kilichoingia hakikutosha hata kulipia seva. Nikaanza ujanja. Tangazo la kazi ambalo lingekaa vizuri kwenye ukurasa mmoja nililikata vipande vinne, ili msomaji abofye mara nne na kila mara aonyeshwe matangazo mapya. Mtu anatafuta riziki, mimi namzungusha. Hakuna aliyenishauri kufanya hivyo. Hesabu yenyewe ndiyo iliyonisukuma, kwa kuwa mtangazaji ndiye aliyekuwa akinilipa, na mtangazaji alilipia idadi ya macho.

Nilipozinduka nikarukia upande wa pili: nikawatoza watafuta kazi ada ya mwezi. Hilo likawa kosa kubwa zaidi. Asiye na kazi hana fedha, na akiipata kazi anakuaga siku hiyo hiyo. Kadiri tovuti ilivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo nilivyopoteza wateja. Mwenye shida na fedha kwa pamoja alikuwa mwajiri, ambaye kiti chake kiko wazi na shughuli zimelala, na huyo ndiye niliyekuwa nikimbandikia nafasi zake bure. Craigslist, tovuti ya Marekani ya matangazo madogo madogo, waliliona hilo mapema: sehemu kubwa ya tovuti yao ni ya bure, lakini katika miji mingi anayetangaza nafasi ya kazi hulipa.

Ndiyo maana leo mtu akiniuliza juu ya mapato, swali langu la kwanza ni nani analipa. Yeyote atakayekulipa ndiye utakayeanza kumsikiliza, upende usipende, na programu yako itajengeka kuelekea kwake taratibu bila wewe kugundua. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walilijua hilo kabla hawajapata senti. Katika makala yao ya kitaaluma ya mwaka 1998, kuhusu mtambo wa kutafutia waliouunda wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walionya kwamba mitambo inayoishi kwa matangazo itaelekea kuwapendelea watangazaji na kuwapa kisogo wanaotafuta. Oktoba 2000 wakafungua AdWords, mfumo wao wa kuuza matangazo. Siwacheki. Walikuwa na kitu ambacho mimi na wewe hatuna: mtu anayeandika kwa mkono wake, dakika ile ile, jambo analolitaka. Kwako wewe, ni mtangazaji gani atakayevutiwa na ukurasa wa mtu anayetafuta mwalimu wa Kijerumani? Ni shule ya Kijerumani. Utakuwa umelipwa senti chache kumtoa mteja wako kwa mlango wa nyuma. Futa matangazo. Kuuza takwimu za wanafunzi futa pia, wala tusilijadili. Michango waachie Wikipedia.

Ada ya mwezi imenisumbua zaidi, kwa sababu naona ndiyo uliyoipenda. Umeandika: "ada moja, vipindi bila kikomo". Swahiba, kipindi ni saa ya mwalimu, na mwalimu anataka malipo yake kila anapofundisha. MoviePass huko Marekani walijaribu jambo la sura hiyo hiyo. Agosti 2017 walishusha ada hadi dola 9.95 kwa mwezi, mtu aone filamu moja kila siku kwenye majumba ya sinema, nao kwa kawaida wakiyalipa majumba hayo bei kamili ya tiketi. Mwanachama akienda mara mbili tu kwa mwezi, ada yake imekwisha liwa. Wanachama walipita milioni 3, na kila aliyeipenda huduma aliongeza hasara. Septemba 2019 wakafunga. Utaniambia mbona Netflix wameweza. Netflix wa leo, filamu ikishalipiwa haki zake, mtazamaji mmoja zaidi hawagharimu karibu chochote. Na hata enzi zile za kutuma diski kwa posta, ambapo ada ya mwezi waliianza mwaka 1999, kulikuwa na kikomo cha diski unazoweza kukaa nazo kwa wakati mmoja, na posta yenyewe ilikuwa breki. Wewe breki yako iko wapi?

Lipo pia suala la wanaoondoka. Wanafunzi wa lugha tunawajua: moto mwezi wa kwanza, majivu mwezi wa tatu. Ukipoteza asilimia 5 ya walipaji kila mwezi, kati ya 100 ulioanza nao wanabaki kama 54 baada ya mwaka. Ukipoteza asilimia 10, wanabaki 28. Jedwali lako halina safu ya wanaoondoka kabisa. Wateja wanaingia tu, kama maji kwenye mtungi usio na ufa.

Kuhusu toleo la bure lenye malipo ya ziada, sitakaa sana. Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, waliwapa watu gigabaiti 2 bure. Mtu anaweka faili zake, anazoea, na siku nafasi ikijaa tayari anajua anacholipia. Ukuta wa malipo ulijengwa mahali ambapo mtu alikuwa amekwisha kuonja faida. Lakini wewe cha kugawa bure ni nini? Saa ya mwalimu si yako. Orodha ya walimu na ratiba zao viache wazi kwa kila mtu, basi.

Inabaki kamisheni, na hapa ndipo nataka tukae kitako. Ukiondoa maneno yote ya kitaalamu, wewe ni dalali. Na dalali ana hofu moja tu, ya tangu zamani: kurukwa. Mwanafunzi na mwalimu wakishaonana mara moja na kupendana, kipindi cha pili watabadilishana namba za simu, na cha tatu hutakisikia. Airbnb, wanaokutanisha wasafiri na wenye nyumba za kulala, hawana hofu hiyo kwa kiwango chako, kwa sababu mgeni anayelala Paris mwezi huu atalala Tokyo mwaka ujao. Namba ya mwenye nyumba ya nini? Pale watu wanapokutana mara moja, dalali anakula kila mara. Pale wanapokutana kila wiki kwa mwaka mzima, dalali anakula mara moja, na baada ya hapo ni lazima astahili kinachomfanya aendelee kula.

Watu wengi hulijibu hili kwa kuficha namba za simu na kufungia akaunti. Ni vita usiyoweza kushinda na watu wanaoonana kwa video. Afadhali uangalie walichofanya Upwork, soko la mtandaoni la wafanyakazi wa kujitegemea, mwaka 2016: mfanyakazi alikatwa asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza kutoka kwa mteja fulani, kisha 10 hadi kufikia dola 10,000 kwa mteja huyo huyo, kisha 5 tu. Kukutanisha watu ndiyo kazi ngumu, nayo ililipwa ghali. Kuwaacha waendelee ni kazi nyepesi, ikalipwa nafuu. Mwaka 2023 waliuacha mpango huo wakahamia asilimia 10 kwa wote, lakini kwa dalali wa mahusiano marefu kama wewe, ule wa kwanza bado naona una maana. Punguza kamisheni kadiri wawili hao wanavyodumu, mpaka ifike mahali ambapo kuhangaika kukuruka kunakuwa na gharama kubwa kuliko kukulipa.

Kuna msomaji mwerevu aliyekuandikia pembeni ya faili (nadhani ni yule binamu yako) kwamba uwatoze walimu ada ya mwezi, tatizo la kurukwa liishe. Ni kweli linakwisha. Lakini utakuwa unamtoza mtu kabla hujamletea mwanafunzi hata mmoja, na mwalimu asiye na wanafunzi ni ndugu yake yule mtafuta kazi wangu. Usirudie kosa langu kwa jina jipya.

Ningekuwa wewe ningeuza vifurushi vya vipindi, vitano au kumi, vinavyolipiwa mbele, na kamisheni ndani yake. Sababu mojawapo ni kwamba aliyekwisha lipia vipindi kumi hana haraka ya kukuruka. Nyingine ni makato ya malipo. Stripe, kampuni ya kupitisha malipo ya mtandaoni, kwa kadi za Marekani hukata asilimia 2.9 na senti 30 juu yake. Kwenye malipo ya dola 1 hiyo ni takriban senti 33, yaani theluthi. Kwenye dola 50 ni dola 1.75. Haba na haba haijazi kibaba ikiwa kila haba inamegwa njiani. Na mkato huo unapigwa kwenye bei yote, hata ile sehemu ya mwalimu. Kwa mauzo ya 100 yenye kamisheni ya 15, kama 3 inakwenda kwa wapitisha malipo na wewe unabaki na 12. Hapo ndipo nilipoona kosa lako kubwa la hesabu: umeandika ile 100 yote kama mapato. Sivyo. Mapato yako ni 15. Mwekezaji yeyote atalinyofoa hilo kabla hajamaliza ukurasa, na wewe mwenyewe utaajiri watu kwa fedha za walimu.

Vivyo hivyo fedha ya kifurushi iliyoingia leo si yako leo. Ni deni mpaka vipindi vifundishwe, maana mwanafunzi anaweza kuidai irudi. Iweke kwenye akaunti ya peke yake usiyoigusa kwa mishahara. Nakuomba sana, hili usilichukulie kama mapambo ya mhasibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalia pia watu watakulipaje. WhatsApp waliwahi kutoza senti 99 kwa mwaka, bei ambayo huwezi kusema ni kubwa, na Januari 2016 wakatangaza kuiondoa. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni kwamba watumiaji wao wengi hawakuwa na kadi ya benki na waliogopa kukatiwa mawasiliano. Waulize wanafunzi wako wanalipaje vitu vingine mtandaoni kabla hujaandika mstari mmoja wa msimbo wa malipo.

Mwisho, usisubiri jukwaa likamilike ndipo utoze. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake mwaka 1995, uliokuja kuitwa eBay, haukuwa na ada, mpaka mtoa huduma wake wa intaneti alipompandishia gharama hadi dola 250 kwa mwezi. Akaanza kuwatoza wauzaji asilimia ndogo, na bahasha za posta zikaanza kufika na hundi na sarafu ndani. Mtu anayetia sarafu kwenye bahasha akakupelekea amekwisha kukujibu swali ambalo dodoso haliwezi kulijibu.

Umesema una walimu wanane waliokubali. Wanatosha. Tafuta wanafunzi ishirini, waunganishe kwa mkono, kwa simu na barua pepe tu, na wauzie kifurushi cha vipindi vitano kwa bei kamili, bila punguzo la urafiki. Usinihesabie wangapi wamejisajili, wala wangapi wamenunua kifurushi cha kwanza, maana cha kwanza hununuliwa kwa shauku. Nihesabie walionunua cha pili. Waliorudi, waulize kwa nini walirudi kwako na si kwa mwalimu moja kwa moja. Waliokuruka wapigie pia, bila hasira. Watakuambia kamisheni yako ilipaswa kuwa ngapi.

Ukiwa na idadi hiyo niandikie, tupange bei. Na usisahau kunieleza kile chanzo cha saba kilikuwa kitu gani.

Wasalaam,
Swahiba wako