Risala ya Klabu ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Kabati la Vitabu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, shikamoo. Tunakushukuru kwa kufunga duka lako la vitabu siku ya Jumamosi, siku ya mauzo, ukaja kutufungulia kabati. Klabu yetu ilianza na riwaya saba za upelelezi, zote kuukuu, zilizokuwa zikisomwa kwa kificho chini ya madawati. Baadhi ya walimu waliziita vitabu vya wahuni. Leo wamekaa mstari wa mbele, na tunawashukuru pia.

Kwa kuwa wewe ni muuza vitabu, tumeona badala ya kukuchosha na historia yetu tukusomee habari za mwenzako wa New York, Otto Penzler, ambaye muhula huu wote tumekuwa tukimjadili.

Mwaka 1975 Penzler alianzisha kampuni ya uchapishaji, Mysterious Press. Wakati huo riwaya za upelelezi zilichapwa kwa karatasi hafifu, kana kwamba msomaji wake hastahili kitu kizuri. Yeye akazichapa kwa karatasi ya kudumu na jalada la heshima, na nakala nyingine zikatiwa sahihi ya mwandishi. Mwaka 1979 akafungua duka, The Mysterious Bookshop, nyuma ya ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall, eneo la Manhattan. Alilifungua Ijumaa, tarehe 13 Aprili. Wamarekani wengi huiona Ijumaa ya tarehe 13 kuwa siku ya nuksi. Kwa duka la vitabu vya mauaji, sisi tunaona hakuna siku ingefaa zaidi.

Swali lililotushughulisha ni hili: duka kama hilo linaishije, na riwaya zinauzwa kila kona? Tuligundua kwamba wapo wateja wanaojiandikisha, wakawa wanapelekewa vitabu vipya vya chapa ya kwanza vyenye sahihi ya mwandishi. Kisha kuna Krismasi. Kila mwaka Penzler humwagiza mwandishi mmoja hadithi fupi kwa masharti matatu: iwe ya msimu wa Krismasi, iwe na fumbo, na angalau sehemu yake itokee ndani ya duka lile. Huichapa kijitabu, akawagawia wateja bure. Mweka hazina wetu alibishana na neno hilo "bure" kipindi kizima.

Kampuni aliiuza mwaka 1989, ingawa miaka mingi baadaye jina lilirudi mikononi mwake. Duka halikuuzwa. Mwaka 2005 lilihamia mtaa wa Warren Street, humo humo Manhattan.

Kwetu nako waandishi wa upelelezi wapo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea mpelelezi Bwana Msa, na Ben Mtobwa hakuishia kuandika, alianzisha kampuni ya Heko, Dar es Salaam, akawa mchapishaji.

Mheshimiwa, changamoto zetu ni mbili. Kabati halina kufuli. Hilo fundi wa shule ameahidi. La pili ndilo linalotuuma. Riwaya tunayoipenda kuliko zote tuliinunua mtaani bila kuikagua. Imechanika mwishoni. Mpelelezi amekwisha kuwakusanya watu wote sebuleni, ameinua kidole, na kitabu kinaishia hapo, ukurasa wa 142. Kidato cha pili wanamshuku mpishi. Kidato cha tatu wanasema ni shangazi wa marehemu, kwa sababu alilia mapema mno. Kuna marafiki wawili hawasemezani tangu mwezi uliopita.

Kitabu chenyewe hicho hapo mezani, kimefungwa kwa uzi. Ombi letu kwako ni utuangalizie nakala nzima dukani, nasi tutailipia kidogo kidogo. Na kama muuaji unamjua, tafadhali usimtaje leo katika hotuba yako.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu.