Magazine: neno lililotoka ghalani

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, na wa nyumbani hawajambo.

Tafsiri yako ya habari za manowari za Waingereza imenipendeza, ila pale moto "ulipokaribia jarida" pabadilishe. Magazine ya manowari ni ghala la baruti. Liliwekwa chini kabisa, chini ya usawa wa bahari, ili moto ukizuka wapate kulifurika maji kabla baruti haijalipuka. Ukiandika jarida, msomaji hataelewa kwa nini mabaharia wanahaha.

Mzizi ni wa Kiarabu: khazana, kuweka akiba. Ndipo ikatoka makhzan, yaani ghala, na wingi wake makhazin. Hazina yetu imechipuka kwenye mzizi huohuo, kwa hiyo mweka hazina wa chama chenu ana undugu na neno hili. Waitaliano wakasema magazzino, Wafaransa magasin, na Waingereza wakalipokea katika karne ya 16, bado likiwa ghala.

Jarida lilikuja baadaye. Mwaka 1731, jijini London, Edward Cave alianza kuchapa The Gentleman's Magazine kila mwezi, akikusanya humo habari na makala zilizokwisha kutoka katika magazeti. Jina lilistahili kabisa: ghala la maandishi. Samuel Johnson, aliyeliandikia jarida hilo, aliingiza maana hiyo katika kamusi yake ya 1755 na kuieleza kuwa ni ya siku za karibuni. Basi ukikuta neno hili katika maandishi ya kabla ya 1731, anza na ghala.

Magazine ya bunduki ni ya karne ya 19, na sisi tunaiita magazini. Hapa wengi huteleza: ile ya Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, huchukua risasi 10, lakini kile kibanio cha chuma chenye risasi 5, kinachotumika kuzisukumia ndani, si magazini. Usiviite kwa jina moja.

Tazama vitenzi vilivyo jirani. Kinachochapwa ni jarida. Kinachojazwa risasi ni magazini. Kinacholindwa zamu usiku ni ghala. Na kama chanzo ni Kifaransa, magasin mara nyingi ni duka tu, kama wanavyosema magazini wenzetu wa Lubumbashi.

Nitumie sura inayofuata ikiwa pamoja na maandishi ya Kiingereza, tuipitie sentensi kwa sentensi.

Wako,
Zuhura